Samaki wa Zamu

Augustin alifika na mkokoteni saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka, akausimamisha nyuma ya choo cha Lambert ili usionekane kutoka barabarani. Juu ya mkokoteni kulikuwa na mapipa mawili yaliyokatwa nusu na kufunikwa magunia mabichi. Ndani walikuwamo samaki sitini na wawili, tilapia wa kujaza sahani, wanagongana na kutapatapa. Tangu wiki iliyopita samaki hao walikuwa wamekwisha kulala katika mabwawa tisa ya watu tisa. Kwa Lambert walikuwa wanaingia bwawa la kumi.

Watu wa ng'ambo ya mto, huko Makiso kwenye maduka na taa za umeme, wakisikia habari hii hucheka. Wacheke. Wao hawakuwahi kumngoja Bwana Kilo.

Bwana Kilo alikuwa afisa wa kilimo, Mbelgiji mwembamba mwenye shingo nyekundu, na jina hilo alipewa kwa sababu ya mizani aliyoitundika begani kama bunduki. Serikali ilikuwa imeamuru kila mwanamume mwenye kiwanja kando ya kijito, hapa Lubunga, achimbe bwawa na afuge samaki. Amri, si ushauri. Kila kiangazi kifupi cha Januari Bwana Kilo alipita, nyumba moja kwa siku. Aliamuru wavu utupwe kwenye kona yenye kina, akachagua wakubwa, akawapima, akaandika, akawarudisha majini. Mwenye samaki wakubwa alipewa mkono. Asiye nao alikwenda buloko, yaani jela. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa elimu ya ufugaji wa samaki.

Lambert alikuwa amekwisha kwenda. Miaka miwili nyuma alilala buloko siku kumi na nne, akarudi na kikohozi ambacho hakikutoka tena. Akikosa mara ya pili, alikuwa ameambiwa mbele ya watu, ni siku thelathini na kiwanja kinachukuliwa: yeye, mkewe Clémence na binti yao Adèle warudi Yanonge walikotoka. Ndiyo maana asubuhi hiyo Clémence, mwanamke ambaye sokoni hakuna aliyethubutu kumpunja, alikuwa amekesha nje akiungoja mkokoteni.

"Iko wazima yote?" aliuliza.

"Mumoja alitaka kufa pale kwa daraja, nikamupulizia maji," Augustin akasema. Alikuwa jirani wa bwawa la tisa, mtu mpole, mwenye haraka ya kurudi kwake kulala. Jana ilikuwa zamu yake na alikuwa ameponea chupuchupu.

Mpango huu wa zamu aliubuni Célestin, moniteri wa kilimo, msaidizi wa Bwana Kilo, kijana wa Bengamisa mwenye kaptura ya kaki na baiskeli ya serikali. Wanawake wa Lubunga walikuwa wamezoea kikelemba: kila mmoja anatoa kidogo, mwezi huu anakula fulani, mwezi ujao fulani. Célestin akaona mbali. "Kama pesa inaweza kuzunguka, samaki inashindwa nini?" alisema. Nyumba kumi na moja zikatoa kila moja wale wakubwa wachache waliobaki, zikapata sitini na wawili, na samaki hao wakawa wanatangulia mbele ya Bwana Kilo kutoka bwawa hadi bwawa, asubuhi kwa asubuhi. Msidhani Célestin alifanya hivyo kwa huruma. Mabwawa yakionekana mabaya, wa kwanza kufukuzwa kazi alikuwa yeye.

Maana mabwawa yalikuwa mabaya, na kosa, kama lilikuwa kosa, lilitoka mbali. Karibu wote hapa walikuwa watu wa mto, na mtu wa mto ana sheria moja aliyoinyonya na maziwa ya mama: samaki mdogo anarudishwa majini. Kumla ni kula kesho yako. Kwa hiyo miaka minne mfululizo Lambert alitupa wavu bwawani, akachukua mkubwa, akamrudisha mdogo. Mtoni sheria hiyo ina akili. Katika shimo la hatua ishirini kwa kumi na tano, wadogo walizaa wakiwa wadogo, watoto wao wakazaa wakiwa wadogo zaidi, wote wakigombania majani yale yale ya muhogo, mpaka maji yakawa yanachemka samaki wa ukubwa wa kidole gumba, wazee wenye mayai, ambao hata paka aliwanusa akaenda zake. Na moniteri, aliyejifunza samaki kwa miezi mitatu darasani, hakujua la kuwaambia.

Waliyashusha mapipa ukingoni mwa bwawa, kisha Clémence akafunua gunia la kwanza. Akaingiza mkono, akamshika samaki mmoja, akamgeuza ili amwone vizuri kwenye mwanga.

"Papa Augustin. Hii mukia imefanya nini?"

Ncha ya juu ya mkia ilikuwa imekatwa. Haikung'atwa wala kuchanika. Ilikatwa kwa unyoofu, kama pindo la kitambaa. Alimrudisha, akamshika mwingine. Ncha ya juu, imekatwa. Wa tatu vivyo hivyo.

"Aa, ile," Augustin akasema. "Njo Bwana Kilo. Jana alitosha mukasi kidogo mu mufuko, akakata kila mumoja, kacha, kacha, halafu akarudisha mu maji. Nilisema labda iko dawa. Bazungu banajua magonjwa ya samaki."

"Na moniteri? Moniteri alikuwa wapi?"

"Alimutuma ku motokari kutafuta kitabu."

Clémence aliketi chini, palepale kwenye tope. Kwao, kifaranga akitoka kwenye yai mwenye kuku humkata kucha ya kidole kimoja, ili akipotelea kwa jirani, jirani asiweze kudai ni wake. Alikuwa amefanya hivyo tangu utotoni kwa mamia ya vifaranga.

"Haiko dawa," alisema. "Iko alama."

Augustin alimtazama, akayatazama mapipa, kisha ukauona uso wake unabadilika rangi. Aliuacha mkokoteni na kila kitu chake, akaondoka kwa miguu, kwanza polepole, halafu akikimbia.

 

Lambert alitoka nje akijifunga mkanda, akikohoa. Clémence alimwonyesha mkia bila maneno. Alikuwa mtu mrefu aliyeanza kupinda, mwenye tabia ya kucheka pale anapoogopa, na sasa alicheka.

"Huyu Muzungu iko na akili," alisema. "Kumbe tulizani anajua kupima tu."

"Usicheke, Papa Adèle. Nakuomba, usicheke."

Célestin akafika. Alikuwa amepita kwa Jafari mshonaji, ambaye zamu yake ilikuwa kesho, kumwambia aje kuwachukua samaki mchana huo huo na mapipa yake, maana kwake ni mbali na kungoja asubuhi kungechelewa. Aliposikia habari, aliiegemeza baiskeli ukutani na baiskeli ikaanguka, akaiegemeza tena ikaanguka tena, akaiacha. Jasho lilimtoka kwapani, na saa moja ilikuwa haijafika.

"Bon," alisema. "Bon. Tusipoteze kichwa. Saa ine Muzungu iko hapa."

"Tufanye nini?" Lambert akauliza.

"Mukimwaga hii samaki mu maji, akaona alama, atajua yote. Atauliza Augustin, atauliza yule wa mbele ya Augustin. Batafunga sisi wote ku kamba moja, mimi wa kwanza. Alors." Alijipangusa uso kwa kofia. "Alors, musimwage. Rudisheni kwa Augustin. Papa Lambert, wewe utasema samaki yako ilikufa. Ugonjwa. Ao uliuza. Ao ulikula. Kosa itakuwa ya mutu mumoja."

"Ya mutu mumoja," Clémence akarudia.

"Mama, sikiliza. Papa Lambert tayari anajua njia ya buloko. Mutu anayejua njia haogopi sana."

Kuna maneno mtu akiyasema hata Mungu hugeuka kutazama nani kasema. Clémence alisimama. Tope lilikuwa limemshika kwenye kitambaa kuanzia kiunoni hadi chini, na hakujipangusa.

"Anajua njia," alisema. "Ndiyo. Siku kumi na ine alijua njia. Alinirudishia mifupa na kikohozi. Makumi tatu itanirudishia sanduku. Wewe unasema haogopi? Kila gari ikipita usiku anaamuka, anavaa viatu, anakaa ku kitanda na viatu. Mutu asiyeogopa analala na viatu?"

"Clémence," Lambert akasema.

Hakumwita jina lake mara nyingi. Alikuwa ameacha kucheka.

"Moniteri anasema vizuri. Batu kumi na moja na batoto yao. Mimi nitasema niliuza. Makumi tatu inapita. Wewe na mutoto mutaenda kwa mama yangu Yanonge, mutaningoja."

"Na kama nitakuwa nangojea maiti?"

"Basi utazika."

Alisema hivyo kwa upole, na upole huo ndio uliomkata maini mwanamke yule. Angepiga kelele, Clémence angemjibu. Wahenga wanasema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Sijui waliyaona wapi mambo hayo. Mwaka ule hapa kwetu kila mtu alikuwa mwoga, na kicheko sikukiona kwenye ua wa mtu yeyote.

Wanaume wawili wakageuka kwenda kuuangalia mkokoteni, kama gurudumu litafaa kwa safari ya kurudi. Célestin alikuwa ameinama. Lambert alikuwa anamwonyesha mahali mhimili ulipolegea. Clémence alilikumbatia pipa la kwanza kwa mikono miwili, akaliinamisha, likamshinda, akaweka bega. Pipa likapinduka ukingoni kwa kishindo, na maji na samaki vikateremka pamoja kwenye bwawa. Kabla hawajamfikia alikuwa amekwisha kulisukuma la pili kwa mguu.

"Umetuua!" Célestin alipiga kelele. "Mama, umetuua sisi wote!"

"Ingia basi ukamate moja-moja," Clémence akasema. Alikuwa analia. "Ingia."

Lambert hakumpiga. Wengine wangepiga. Alisimama ukingoni, akatazama migongo mipana inavyopasua maji katikati ya ile vurugu ya vidagaa, akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba tangu achimbe bwawa hili hajawahi kuliona zuri namna hii.

 

Saa nne kamili gari la kijivu lilisimama. Bwana Kilo aliteremka na mizani yake. Hakusalimia. Siku hizo Mzungu aliyetaka kuonekana mwema aliuliza habari za watoto, na huyu kwa kawaida aliuliza. Leo hakuuliza, na Clémence akahesabu jambo hilo moyoni kama ishara mbaya ya kwanza.

"Wewe iko Lambert," alisema.

"Njo mimi, Bwana."

"Ulifungwa."

"Ndiyo, Bwana."

"Vua kofia."

Lambert alivua. Bwana Kilo akamnyooshea Célestin wavu, na Célestin, ambaye alikuwa ametupa wavu huo mara mia, aliutupa ukajikunja ukaanguka bonge. Akauvuta, akautupa tena. Ulipotoka ulikuwa mzito. Samaki wanane wakubwa walirukaruka kwenye nyasi, na pamoja nao kapu zima la wale wa kidole gumba.

Mzungu alichutama. Alimchukua mkubwa wa kwanza, akampangusa kwa kiganja, akapitisha kidole gumba kwenye mkia, juu, pale ambapo ncha ingekuwapo. Akafanya hivyo mara mbili. Akamweka chini, akamchukua wa pili. Célestin alikuwa amefumba macho kabisa, midomo inacheza, anasali au anahesabu watoto wake, hatujui. Lambert alizuia kikohozi kifuani mpaka machozi yakamtoka.

Alishika wote wanane. Halafu akamchukua kidagaa mmoja, akamminya tumbo, mayai ya manjano yakatoka. Akayatazama kwa muda.

Sasa ngoja niwaambie kilichokuwa kichwani mwa mtu huyu, maana na yeye alikuwa mtu, ingawa siku ile ungeweza kusahau. Miaka mitatu alikuwa ameandika ripoti. Mwaka wa kwanza samaki walipanda, wa pili wakapanda zaidi, na wa tatu, ambao alikuwa ameuandika kabla hata hajapita, walipanda kushinda yote. Ripoti zilikuwa zimekwenda kwa wakubwa, na wakubwa, kwa kuzisoma, walikuwa wameamuru vijiji vingine vichimbe mabwawa mengine mia tatu, na kampuni moja ya mbao ilikuwa imepunguza samaki wa chumvi inaowanunulia wafanyakazi wake kambini, ikiahidiwa samaki wabichi wa hapa hapa. Mtu mmoja, hatujui nani, alikuwa amemnong'oneza kwamba samaki wa Lubunga wanatembea. Ndipo akachukua mkasi. Alitaka kujua. Na sasa alijua, na akagundua, akiwa amechutama kwenye nyasi za watu, kwamba heri asingejua. Akisema samaki ni wale wale, ataulizwa: na wa mwaka jana? Na wa mwaka juzi? Nani alihesabu? Mwezi wa nane alikuwa anakwenda likizo kwao, na baada ya likizo alitegemea cheo.

Aliogopa. Shingo yake ile nyekundu ikawa nyeupe. Lakini woga wa mkubwa si kama wetu. Wetu unabaki tumboni na kututafuna. Wake unapata mtu wa kuupakia.

Alisimama, akajipangusa magoti.

"Muzuri," alisema. "Bwawa iko muzuri sana."

Célestin alifumbua macho.

"Lambert, wewe iko mutu ya kazi. Nitaandika wewe wa kwanza katika Lubunga yote. Moniteri, leo hatupime na kurudisha. Leo tunavuna. Tosha samaki yote kubwa. Yote. Hata moja isibaki."

 

Walivua mpaka saa saba. Clémence alisimama kando na kapu, na kila samaki aliyetoka alimpokea yeye, maana ndiye mwenye bwawa, akamgonga kichwa kwa mti kama alivyoamriwa, akamlaza juu ya majani. Sitini na wawili. Aliwajua sasa. Yule mwenye jicho moja alikuwa wa Augustin. Wale watano wenye migongo myeusi walikuwa wa Jafari, aliwatunza kwa mchwa aliowachimba mwenyewe. Kila alipopiga alijiambia maneno haya: mume wangu hakwenda, mume wangu hakwenda. Na chini ya maneno hayo kulikuwa na jambo lingine linalopanda polepole kama maji kwenye mtumbwi uliotoboka, naye hakutaka kulitazama.

Lambert alilitazama kwanza. Alikuwa majini hadi kifuani. Alipomleta samaki wa arobaini hivi alisimama karibu na mkewe akasema kwa sauti ya chini:

"Kesho iko zamu ya Jafari."

"Nyamaza."

"Kesho, Mama Adèle. Atamwaga nini mu bwawa yake? Nimwambie Muzungu? Niseme iko ya sisi wote, abakize nusu?"

"Sema," Clémence akasema, "halafu batufunge wote, na Jafari ndani. Utakuwa umemusaidia nini?" Alikuwa amemshika mkono, na kucha zake zilikuwa zimeingia kwenye ngozi. "Nyamaza, Papa Adèle. Leta samaki."

Akanyamaza. Akaleta samaki. Wala tusimhukumu haraka sisi tuliokaa tukisikiliza hadithi.

Samaki walipakiwa nyuma ya gari, wamefungwa kwenye majani mapana ya ngongo. Bwana Kilo aliandika karatasi juu ya boneti, akaigonga muhuri, akampa Lambert. Célestin akasoma kwa sauti, akifasiri. Lambert anatambuliwa kuwa mfugaji wa mfano. Kuanzia mwezi huu, kila mwisho wa mwezi, atapeleka kambini kwa kampuni ya mbao samaki kilo kumi na tano, wakubwa, kwa bei ya serikali, franga sita kwa kilo. Sokoni kilo ilikuwa kumi na mbili, lakini hilo hata hakuna aliyelifikiria. Asipopeleka ataadhibiwa kama mtu aliyekataa kazi ya serikali.

"Kilo kumi na tano ya nini?" Lambert aliuliza. "Moniteri, uliza yeye. Ya nini?"

Célestin hakuuliza.

"Sema asante," alisema.

"Asante, Bwana."

Mzungu alimpa mkono. Ulikuwa mkono uliolowa jasho, baridi. Kisha Bwana Kilo akamvuta moniteri kando ya mlango wa gari, wakasema maneno kwa Kifaransa, machache. Gari likaondoka, likiangusha matone ya damu na maji njia nzima hadi kwenye kivuko.

"Alisema nini?" Clémence aliuliza.

Célestin aliiokota baiskeli yake. Alionekana mtu aliyepona homa, mwepesi, hana nguvu, anataka kwenda nyumbani.

"Alisema kesho saa ine kwa Jafari."

"Na nini tena?"

"Mama, acha."

"Na nini tena, Célestin?"

"Alisema ripoti ambayo haina hata mutu mumoja mubaya, nani ataiamini."

Akapanda baiskeli. Hakugeuka nyuma.

 

Jafari alikuja saa tisa, kama alivyoambiwa, akisukuma mapipa yake kwenye kigari cha kuazima. Alikuwa mzee wa Kasongo, kanzu safi, ndevu nyeupe zilizochongwa, na hapa Lubunga nusu ya watu walivaa nguo za mkono wake. Alikuwa hajawahi kufungwa. Kodi alilipa wa kwanza, na barua zote za serikali alizihifadhi kwenye mkebe. Aliyaona mapipa ya Augustin yamelala ubavu, akaiona nyasi iliyokanyagwa, na magamba.

"Hodi hapa," alisema.

"Karibu, Papa Jafari," Clémence akajibu kutoka mlangoni. Lambert alikuwa ndani, amelala uso ukutani. Alikuwa amemwambia mkewe kwamba hawezi. Alisema tu hivyo: siwezi.

"Nasikia gari ya Muzungu ilikawia. Alikuta kila kitu salama?"

"Alikuta salama."

"Alhamdulillahi." Alitazama maji. "Na samaki yetu?"

Clémence alikuwa ametayarisha maneno mengi tangu saa saba. Yote yalimtoka kichwani. Alimwambia kama ilivyokuwa: alama ya mkia, jinsi wanaume walivyotaka kurudisha, jinsi alivyosukuma mapipa, samaki walivyokufa, karatasi, na maneno ya kando ya gari. Hakuacha hata moja. Jafari alisikiliza amesimama, mikono nyuma.

"Nani alimwaga?" aliuliza.

"Mimi."

"Papa Lambert alikataa?"

"Alikataa. Njo mimi, Papa Jafari. Niliogopa. Hata sasa naogopa, sijui kama itaisha." Alipiga magoti, pale pale mlangoni. "Unilaani. Niko tayari."

Mzee alitikisa kichwa. Aliketi juu ya kigari chake, polepole, kama mtu anayejaribu kiti asichokiamini.

"Simama, binti yangu," alisema. "Utaniambia kitu. Mimi sijui mambo haya. Mutu anaenda buloko anavaa nini?"

Clémence alimtazama. Aliona kwamba hamtanii.

"Mashati tatu," alisema. "Moja juu ya ingine. Blanketi banakataza, lakini nguo ya mwili habakuvui. Iko semeti chini, na asubuhi banamwaga maji. Na usivae kanzu, bataichana."

"Mashati tatu."

"Mazito. Ya kitambaa ya kaki."

"Kaki niko nayo." Alifikiri kidogo, kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa utepe wake wa kupimia, uliokunjwa. "Sasa njo saa tisa. Nikianza saa kumi, mpaka alfajiri nitamaliza sita." Aliinuka. "Tatu yangu, tatu yake. Mwite Papa Lambert nimupime. Mwisho wa mwezi haiko mbali."

Clémence akaingia ndani. Lambert alitoka, macho chini, bila shati, akasimama mbele ya mzee na kuinua mikono kama alivyoambiwa. Jafari alizungusha utepe kifuani. Kikohozi kikamshika Lambert, kikamkunja. Mzee akasubiri kipite, akapima tena.